Saigon kwa Saa Tatu

Tangu tarehe 1 Julai 2025, meli ya kitalii inayofunga gati Phu My huwa imefika Ho Chi Minh City, yaani Saigon, kwa mujibu wa sheria. Siku hiyo mikoa ya Vietnam ilipunguzwa kutoka 63 hadi 34, na mkoa wa Ba Ria–Vung Tau, uliokuwa na bandari hiyo, ukamezwa na jiji. Kabla ya hapo vijitabu vya kampuni za meli vilikuwa vimeandika kwa miaka mingi "Ho Chi Minh City" kwa herufi kubwa na "Phu My" kwa herufi ndogo pembeni, na abiria aliyetoka kwenye roshani ya chumba chake alfajiri kutafuta maghorofa aliona kreni, makontena na mikoko ya mto Thi Vai. Sasa ule uongo mdogo umekuwa kweli kwenye ramani. Barabara haikupungua hata hatua moja. Ni kilomita 70 hivi, na basi huzimaliza kwa saa moja na nusu likibahatika, saa mbili na zaidi lisipobahatika.

Wenye meli wana sababu. Katikati ya jiji ni ndani, juu ya mto Saigon wenye kona nyingi. Meli ndogo bado hupanda mto hadi mjini, lakini tangu mwaka 2009 daraja la Phu My (jina moja na bandari, mahali tofauti kabisa) limekaa juu ya mto likiacha nafasi ya mita 45 hivi chini yake. Meli za leo zenye abiria elfu tatu zinazidi kimo hicho kwa mbali. Kwa hiyo jumba la ghorofa nyingi linaloelea hubaki kule kwenye makontena, na abiria hupelekwa mjini kwa basi.

Sasa piga hesabu. Meli inafunga saa moja asubuhi, mabasi yanaondoka saa mbili, saa nne abiria yuko mjini. Ili kila mtu awe amepanda meli saa kumi na moja na nusu jioni, basi halina budi kutoka mjini saa tisa alasiri. Hizo ni saa tano. Ondoa saa moja na robo ya chakula cha mchana hotelini, ondoa dakika arobaini na tano za karakana ya laka ambako mabasi husimama. Zinabaki saa tatu kwa jiji ambalo, hata kabla ya kupanuliwa, lilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Ndani ya saa hizo abiria ataonyeshwa ikulu ya zamani, makumbusho ya vita, kanisa kuu, posta na soko la Ben Thanh.

Wapo wanaocheka utalii wa namna hii, na kicheko chao nakijua, maana nimekisikia Malindi, Unguja, pale meli inapoleta wageni asubuhi na kuwachukua jioni. Mimi sicheki. Saa tatu si haba. Mtu makini akipata mwenyeji mzuri na baraza moja ya kukaa, ataondoka anajua jambo kuhusu Mji Mkongwe ambalo aliyelala wiki nzima ufukweni Nungwi hatalijua. Ugomvi wangu ni mwingine. Saa hizo tatu zimepangwa na ofisi inayoogopa basi lisichelewe, ikisaidiana na duka linalolisubiri basi hilo hilo, na mtu pekee anayelijua jiji, yule aliyesimama mbele na kibendera mkononi, hakuulizwa.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Kampuni ya meli huuza ziara kwenye kaunta yake au mtandaoni, pengine miezi kabla ya safari. Ziara haiifanyi yenyewe. Huinunua kwa wakala wa nchi kavu, naye wakala hukodi mabasi na kuwaita watembeza wageni kwa kazi ya siku. Asubuhi abiria hukusanywa kwenye ukumbi wa maonyesho wa meli, wakabandikwa stika zenye namba kifuani, na kila namba ikafuata basi lake. Kati ya bei aliyolipa abiria na ujira wa mtembezaji ni mbingu na ardhi. Sehemu ya ile tofauti abiria ameinunulia utulivu wa moyo: basi la ziara ya meli likikwama kwenye foleni, meli itasubiri, ukienda kwa teksi yako ukachelewa, utaiona kwa nyuma ikitoka mtoni.

Na mtembezaji huyo si mtu wa kuokotwa njiani. Sheria ya utalii ya Vietnam ya mwaka 2017 inamtaka anayeongoza wageni wa kimataifa awe na kadi rasmi, lugha ya kigeni na elimu ya chuo. Papasi wetu wa Forodhani wasingefika mbali. Lakini mfuko wake unategemea vitu viwili ambavyo abiria hakuvisoma popote: bakshishi ya mwisho wa safari na kamisheni ya duka. Hilo si siri, wala si la Vietnam peke yake. Anayewapeleka wageni kwenye maduka ya vinyago huku kwetu analielewa bila kufafanuliwa. Mtu anayelipwa na duka atakuwa na haraka makumbushoni. Simlaumu. Mimi ningeharakisha zaidi.

Cha ajabu ni kwamba sehemu bora ya siku nzima ndiyo ile abiria wanayoihesabu kuwa imepotea: barabara. Ukitoka bandarini unapanda Barabara Kuu ya 51, na nje ya dirisha iko Vietnam inayofanya kazi. Kreni za Cai Mep zinapakia meli zinazokwenda moja kwa moja hadi Marekani na Ulaya. Viwanda vinafuatana, na zamu zinapobadilika pikipiki humwagika getini, waendeshaji wamejifunika nyuso kwa vitambaa na mikono kwa soksi ndefu wasiungue na jua. Pembezoni iko migahawa ambayo badala ya viti ina bembea za kulalia zilizofungwa kwenye nguzo; dereva wa lori anaagiza kahawa ya barafu na maziwa ya kopo, anainywa amejinyoosha, analala nusu saa, anaendelea na safari. Mbele kidogo ni Long Thanh, ambako zimetengwa hekta 5,000 kwa uwanja mpya wa ndege.

Katika basi nililopanda mimi, nusu ya watu walikuwa wameshafumba macho kabla hatujafika Long Thanh. Mtembezaji wetu, mama wa makamo aliyevaa kofia ya jua na glavu, alikuwa amemaliza maelezo ya vyoo na muda wa kurudi. Kisha akasema kwenye maikrofoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anaomba kila mtu avue kiatu kimoja na kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye ulimi wake. Kukawa na purukushani. Mzee mmoja wa safu ya mbele alivua raba, akavaa miwani, akasoma, akainua mkono. Halafu mwingine nyuma. Halafu mke wake. Viatu vilikuwa vimetengenezwa Vietnam. Karibu nusu ya viatu vya Nike vinatoka nchi hiyo, na vingi hushonwa katika ukanda huu huu wa viwanda. Mama akaonyesha dirishani, akasema huenda tumeshakipita kiwanda. Waliolala wakaamka, maswali yakaanza: wanalipwa kiasi gani, wanaishi wapi, wanatoka mikoa gani. Alijibu yote. Kijitabu cha ziara hakikuwa na hata mstari mmoja kuhusu viatu.

Kwa msomaji wa Kiswahili dirisha lile lina jambo jingine. Vietnam ndiye muuzaji mkubwa kuliko wote duniani wa korosho zilizobanguliwa, na mashamba yake hayavitoshelezi viwanda vyake. Hununua korosho ghafi Cambodia, hununua Afrika Magharibi, na hununua kwetu, Mtwara na Lindi. Korosho inayopigwa mnada na ganda lake kusini mwa Tanzania husafiri bahari nzima, hubanguliwa kule, hukaangwa na chumvi, na kwenye vibanda vya Ben Thanh mtalii huipata ndani ya kopo zuri kama zawadi ya Vietnam. Sijui mtembezaji gani wa Saigon anaweza kulisema hilo, kwa kuwa hakuna anayemuuliza; lakini mkulima wa Newala aliyewahi kusubiri malipo ya pili ya stakabadhi ghalani angelisikiliza kwa makini sana.

Basi linaingia mjini, na hapo hadithi inarudi nyuma miaka mia na zaidi.

Posta kuu ndiyo kituo ambacho kila mtu hukipenda, na ni haki yake. Ilijengwa kati ya 1886 na 1891. Ukiingia, dari la chuma limepinda juu ya ukumbi mrefu, kuta za pembeni zina ramani mbili kubwa zilizochorwa kwa rangi, moja ya njia za simu za maandishi za kusini mwa Vietnam na Cambodia, nyingine ya Saigon na vitongoji vyake. Vibanda vya mbao vya simu vimejipanga, na mwisho kabisa wa ukumbi picha ya Ho Chi Minh inawatazama wanaonunua stempu. Hapo utasikia, kwa lugha nne kwa wakati mmoja, kwamba jengo lilichorwa na Gustave Eiffel. Si kweli. Msanifu wake ni Alfred Foulhoux, aliyekuwa mkuu wa majengo ya serikali ya kikoloni. Watembezaji wengi wanalijua hilo. Lakini Foulhoux hana mnara Paris, na kikundi cha watu arobaini chenye dakika ishirini kinataka jina ambalo tayari kinalo kichwani. Sisi tunao Freddie Mercury. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, hilo ni kweli. Lakini nyumba alizozaliwa, ukizifuata kwa vinywa vya watembeza wageni wa Mji Mkongwe, ni zaidi ya moja.

Ikulu nayo ina Eiffel wake. Kwenye bustani viko vifaru viwili, na watu hupanga foleni kupiga navyo picha. Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 1975, siku Saigon ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya kaskazini, kifaru namba 843 kiligonga lango la pembeni kikakwama, na namba 390 kikavunja lango kuu. Kwa miaka ishirini sifa ya kuvunja lango kuu ilikwenda kwa kile cha kwanza, mpaka picha za mpigapicha Mfaransa Françoise Demulder zilipoonyesha kilichotokea hasa. Na vile vinavyopigwa picha leo bustanini ni vya aina hiyo hiyo tu. Vyenyewe viko Hanoi. Hatua chache kutoka kanisa kuu, katika mtaa wa Ly Tu Trong, liko jengo lisilo na sura yoyote ambalo juu yake helikopta ilichukua watu siku moja kabla ya hapo, watu wakipanda ngazi nyembamba kwa mstari. Picha ile dunia nzima inaiita ubalozi wa Marekani. Lilikuwa jengo la kupanga, lenye watu wa CIA ndani yake. Basi la ziara hulipita bila kupunguza mwendo.

Mambo haya matatu yangechukua dakika kumi kuyasimulia vizuri, na mtu angeondoka na kitu kikubwa kuliko picha ya kifaru: angeona jinsi ushindi, kushindwa na ukoloni vinavyotengenezewa hadithi nyepesi za kubebeka. Mtembezaji anaweza. Hana dakika kumi.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba saa ya ziara husimama tarehe hiyo ya Aprili 1975. Wafaransa walijenga, Wamarekani walikuja, vifaru vikaingia, twendeni sokoni. Wavietnam wengi walio hai leo walizaliwa baada ya siku hiyo. Hawamo. Hakuna kambi za mafunzo ya kisiasa walikopelekwa watumishi na wanajeshi wa serikali iliyoanguka, hakuna miaka ya njaa na kadi za mgao, hakuna mageuzi ya Doi Moi ya mwaka 1986 yaliyorudisha biashara mitaani. Na hakuna bahari. Meli inayokwenda Phu My hupita mbele ya Vung Tau alfajiri abiria wakiwa bado wamelala. Pwani ile ile ndiyo iliyowatoa wengi wa wale waliokimbia kwa mashua. Kati ya 1975 na 1995 karibu watu 800,000 walifika nchi nyingine kwa njia hiyo, na wasiofika hakuna aliyewahesabu. Leo watoto na wajukuu wao wanatuma pesa nyumbani: mwaka 2023 jiji hili peke yake lilipokea zaidi ya dola bilioni 9 kutoka kwa watu wake walioko nje. Maghorofa anayoyapiga picha abiria kupitia kioo cha basi yana jasho la hao ndani yake.

Nakubali kwamba mtembezaji hayuko huru kusema kila kitu. Kadi yake ina masharti, na vita ina toleo lake rasmi. Hata hivyo familia nyingi za kusini zilikuwa na ndugu pande zote mbili, na mtu mzima anayejua kuongea hupata namna ya kumsimulia baba yake bila kumkera mtu yeyote. Nimemsikia mmoja akifanya hivyo barabarani, kwa sentensi tatu, maikrofoni akiwa ameishusha kidogo.

Makumbusho ya Mabaki ya Vita yenyewe yamejifunza namna hiyo. Yalifunguliwa Septemba 1975 kama jumba la kuonyesha uhalifu wa Marekani na vibaraka wake. Mwaka 1990 Marekani ikaondolewa kwenye jina. Mwaka 1995, Vietnam na Marekani ziliporudisha uhusiano wa kibalozi, yakachukua jina la sasa. Yaliyomo bado ni mazito. Ziko picha za waliozaliwa na athari za sumu iliyomwagwa misituni, na upo mkusanyiko wa picha za waandishi wa habari waliouawa katika vita hivyo, wa pande zote, uliokusanywa na Tim Page na Horst Faas. Mkusanyiko huo pekee unahitaji saa nzima. Ziara hulipatia jengo lote dakika arobaini, na wengi huzimalizia ghorofa ya chini na uani kwenye ndege.

Sasa ile karakana ya laka. Ni rahisi kuidharau, na nilikwenda nikiwa tayari kuidharau. Msichana mmoja alikuwa ameketi mbele ya ubao mweusi, kibano mkononi, akipachika vipande vya ganda la yai la bata kimoja kimoja kwenye umbo la korongo, akivigonga taratibu vipasuke vifuate mchirizi wa bawa. Laka hupakwa, hukaushwa, husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, hupakwa tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka kilichofukiwa chini kinarudi juu kikimeta. Alikuwa fundi kweli. Tulipewa dakika tano za kumtazama na dakika arobaini za duka, na katika duka hilo sikuona korongo wake hata mmoja. Zilikuwa trei za jumla.

Mbona basi lisimame pale? Kwa sababu ya vyoo. Hili nililielewa polepole. Watu arobaini wenye umri wa kustaafu wametoka safari ya saa mbili, na katikati ya Saigon hakuna mahali pengi penye vyoo safi kumi, kiyoyozi, na uwanja wa kuegesha basi kubwa. Karakana inavyo vyote bila malipo. Bei ya choo ndiyo zile dakika arobaini. Kampuni ya meli inayotoza bei ile ingeweza kulipia choo. Na anayetaka kuonyesha laka, Jumba la Sanaa za Uchoraji liko mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Ben Thanh, ndani ya nyumba ya familia ya matajiri wa Kichina waliojenga nusu ya mji, na humo umo mchoro mkubwa wa laka wa Nguyen Gia Tri alioufanyia kazi kuanzia mwaka 1969 hadi 1989. Mbele ya mchoro huo mtu anaelewa kwa nini msichana yule anapachika ganda la yai.

Chakula cha mchana sitakizungumzia sana: ni bufee ya hoteli, yenye tambi za Kiitalia. Chakula cha jiji hili ni chenga za mchele. Zamani zilikuwa mabaki ya kinu, chakula cha mkulima aliyeweza kuuza mchele mzima tu, na leo vibanda huzipika tangu alfajiri na kuzigawa kwa sahani pamoja na nyama ya kuchoma, yai na kachumbari ya siki. Nyama hiyo mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo msomaji Mwislamu atatafuta kwingine, na kwingine kupo: katika mtaa wa Dong Du, kati ya hoteli za kifahari, uko msikiti wa rangi nyeupe na buluu uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu wa Kusini mwa India waliokuja kufanya biashara enzi za Wafaransa. Nyuma yake huuzwa wali na mchuzi wa Kihindi. Viatu mlangoni, birika la kutawadhia, feni darini, wazee wamelala kidogo baada ya adhuhuri. Mtu wa Mombasa hahitaji mtembezaji hapo. Bahari ni moja, na waliopita huku walipita na kule.

Ningepewa mimi ratiba, ningeanzia mahali ambapo mabasi hayaanzi: Nha Rong, ukingoni mwa mto, katika nyumba ya kampuni ya meli ya Kifaransa iliyojengwa miaka ya 1860 na kuwekewa majoka juu ya paa. Kutoka gati hilo, tarehe 5 Juni 1911, kijana aliyeitwa Nguyen Tat Thanh aliondoka kama msaidizi wa jikoni ndani ya meli Amiral Latouche-Tréville, akitumia jina la Van Ba. Alikaa nje miaka thelathini. Baada ya kurudi akajulikana kama Ho Chi Minh. Sasa fikiria abiria aliyetoka asubuhi hiyo kwenye meli yenye majiko chini ya sitaha ambamo vijana wa Kifilipino, wa Kiindonesia na hata wa pwani yetu ya Kenya wanamenya viazi kwa mikataba ya miezi mingi, mfikishe hapo kwanza, umwambie jina la jiji aliloliona kwenye kijitabu limetoka kwa mmenya viazi. Huhitaji kuongeza neno. Halafu mpeleke ikulu.

Najua majibu ya wenye meli. Abiria ni wazee, jua ni kali, wengine wana magoti mabaya, njia za miguu za Saigon zimejaa pikipiki zilizoegeshwa, na kuvuka barabara pale kunataka imani: unatembea polepole bila kusita, mkondo unakukwepa. Nimemwona mama wa watu akigoma ukingoni akarudi ndani ya basi. Hayo ni kweli yote, na ndiyo sababu ya kupunguza vituo. Vituo vitano kwa saa tatu ni kupanda na kushuka ngazi za basi mara kumi, na hakuna kinachomchosha mwenye goti bovu kuliko ngazi za basi. Viwili vikamilike, cha tatu kiwe mahali pa kukaa na kunywa kahawa huku mtembezaji akijibu maswali. Kuhusu hoja kwamba abiria wenyewe wanataka kuona kila kitu, nani aliwahi kuwawekea njia ya pili wachague?

Tena ya pili ipo, kwa namna fulani. Kampuni nyingi huuza tikiti ya basi tupu: wanakushusha katikati ya mji, wanakuchukua hapo hapo saa waliyoisema, na kwa kuwa basi ni lao, ile bima ya kuchelewa unabaki nayo. Bei yake ni ndogo kuliko ya ziara. Kwa saa tano bila karakana wala bufee unafika Nha Rong, unakula Dong Du au kwenye kibanda cha chenga, unaona laka ya Nguyen Gia Tri, na muda ukibaki unapanda treni ya mji iliyofunguliwa tarehe 22 Desemba 2024, ambayo huanza chini ya ardhi Ben Thanh na baada ya vituo vichache kuibuka juu kwenye nguzo, jiji jipya likiwa pande zote mbili. Asiyetaka kuzunguka peke yake atawakuta watembezaji wenye kadi wanaokodishwa kwa nusu siku. Akimkodi mmoja, amwambie mapema kwamba leo hakuna duka, na kwamba kamisheni ya duka atailipa yeye.